Karibu Aliyonipa Mama Yenu

Nisikilizeni wanangu, na mlango uacheni umefungwa hivyo hivyo. Nimekaa hapa kwenye ngazi, mgongo nimeuegemeza ukutani, wingu limefunika jua lakini naona linaanza kuachia, kwa hiyo msinikatize. Binti yangu, wewe muuguzi, asubuhi nilikupa faili la mama yenu ukalisoma, ukaniambia, "Sikukaribishi tena nyumbani kwangu." Una haki. Nawe mdogo mtu, fundi wangu wa kuchomelea, najua umesimama nyuma yake, nasikia unavyohema kwa hasira.

Yule wa hadithi za kutishia watoto, mwenye ngome mlimani na meno marefu, anayenyonya damu na kuuawa na jua, ni mimi. Nilipokosa pa kujificha Idara ya upelelezi ikanichukua, maana kamera zao zinazosoma nyuso za mji mzima hazinioni, na ndiyo sababu kwenye picha ya harusi yako, binti yangu, kuna pengo kati yako na mama mkwe, mpiga picha akaapa mashine yake ni mbovu. Walinilisha damu ya kiwandani, nami nikawaibia siri za watu. Kikwazo kilikuwa kimoja, kwamba siwezi kuvuka kizingiti cha mtu asiponikaribisha. Kwangu sikuhitaji kukaribishwa, lakini miaka thelathini mmenicheka, baba anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Nilipiga ili nisisahau.

Mama yenu hakusafiri kama nilivyowaambia. Alikuwa mhandisi, ameunda mashine ya kufuta nyuso za watu kwenye kumbukumbu za Idara, ili wanaosakwa wapate kupumua. Nilipiga hodi kwake nikijifanya fundi wa mita. Alikuwa na unga mikononi, na wewe fundi uko mgongoni umelala. Akasema, "Karibu, pita ndani, mbona unasimama mlangoni kama mgeni wa serikali?" Tukacheka wote wawili. Ningemjibu "Starehe, mama," kama anavyojibu mtu asiyetaka kusumbua, nikaenda zangu, angekuwa hai leo. Niliingia. Niliona michoro, nikaripoti, na kesho yake wakaja na gari wakamchukua, hakurudi tena. Roho ikanisuta, nikaenda kupiga hodi mara ya pili, na wewe binti, mtoto wa miaka mitano, ukanifungulia ukasema karibu, ukidhani nimemleta mama. Nikawachukua wote wawili, nikawalea kama wangu.

Nyumba yangu ni yenu wote wawili, msigombane. Sandukuni mtakuta miwani yake, na michoro ile niliyoiiba kutoka Idara mwezi jana, wakanikatia damu, na ya mtu nimekataa kunywa. Ikamilisheni mashine yake. Mkuu wa Idara msimtafute kulipiza kisasi, mzee yule hana wa kukaa kando ya kitanda chake, adhabu hiyo inamtosha. Mjukuu wangu mwambieni babu alimpenda, mengine asubiri akue.

Sijui kama baraka ya mtu kama mimi inafika popote, lakini nawapa. Mlale bila hofu. Watoto wenu wafungue mlango bila kuuliza ni nani.

Jua limefika magotini. Halina ukali niliouogopa... Nani huyo? Rudia, mwanangu, masikio yananikimbia. Umesema nini?

Umesema karibu. Karibu, baba.

Toa mkono kwenye kitasa, mtoto asinione hivi. Nimesikia, binti yangu. Miguu ndiyo haitaki... Nimesikia.

Starehe, mwanangu. Starehe.