Koti la Vifungo vya Shaba

Vuteni viti mkae, wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni kaa pia, hata kama ni juu ya ndoo, maana leo sitaki kuona mtu amesimama kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kubahatisha, kwa hiyo msinikate kauli. Nikikohoa, ngojeni.

Mali yangu mnaijua, haijazi hata mkokoteni. Vyumba hivi viwili ni vya mama yenu mpaka naye aondoke, na asije mtu akamwambia ahamie cha nyuma eti cha mbele kipangishwe, nawajua. Cherehani ni ya kitindamimba, kwa sababu ndiye anayejua kuitumia. Baiskeli achukue wa katikati, tena atengeneze breki kabla haijamng'oa meno. Na shemeji yangu seremala, ambaye hatujasemezana tangu aliponiita mbwa wa tajiri mbele za watu, mwiteni aje achonge jeneza langu, na mumwambie nimesema alisema kweli. Miaka kumi na moja nimelimeza neno hilo.

Sasa lile la siku ya maandamano, ambalo nyote mnalijua na nyote mnalikwepa mkiwa mbele yangu. Nitalisema mwenyewe.

Nilikwenda kutazama tu, haki ya Mungu. Miguu ilikuwa imeshavimba na daktari amenikataza kutembea, lakini nilisikia watu wamekaa chini mbele ya geti la kiwanda cha magodoro, geti langu, nililolifungua na kulifunga miaka thelathini na moja kabla sijastaafu, na kwamba kitindamimba wangu yuko mstari wa mbele. Nikachukua fimbo na kigoda, nikajikongoja. Niliwakuta mia tatu na ushei: washonaji, wapakiaji, akina mama wa usafi, na majirani ambao bomba lao halijatoa tone tangu kule juu kwa mkurugenzi lichimbwe bwawa la kuogelea. Watu wanashona magodoro kutwa kucha, na nyumbani wanalala kwenye mikeka mpaka mbavu zinachorwa mistari! Hawakushika mawe, hawakutukana. Walitaka kitu kimoja, mkurugenzi ashuke garini, atembee hatua ishirini, awasikilize akiwa amekanyaga vumbi kama wao, na mpaka afanye hivyo gari lisipite. Nilifurahi, wanangu, halafu nikajiona mjinga, kwa kuwa miaka yote ile haikunijia akilini kwamba geti linaweza pia lisifunguliwe.

Nikakaa pembeni. Kitindamimba akaniona, akanipungia mkono, akawaonyesha wenzake kwamba yule ni baba yake. Mara honi ikalia, mbili fupi, moja ndefu. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikanyanyuka. Mwili ulitangulia, mimi nikafuata. Nikapaza ile sauti ya kazini, "Pisheni jamani, pisheni, bosi anapita," na watu wakapisha, maana nusu yao niliwafungulia geti lilelile tangu siku yao ya kwanza kazini na walizoea kunisikiliza. Nikasukuma geti. Nikapiga saluti. Kioo kikashuka kidogo, ubaridi wa gari ukanigusa uso, akaniambia, "Mzee, kumbe bado unafaa," akapita.

Mstari haukurudi tena. Geti likafungwa kwa ndani, askari wakaja, na kufika adhuhuri kila mtu ameshika njia yake. Kumi na wawili wakafukuzwa kazi, huyu kitindamimba akiwa mmoja wao. Alinishika mkono akanirudisha nyumbani, na njia nzima alisema neno moja tu: "Baba, tulikuwa tumekaa." Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo ananiogesha, ananipa dawa, na hana neno nami zaidi ya "meza" na "geuka". Nimejikasirikia mpaka nimechoka kujikasirikia.

Na wewe mkubwa, usidhani sijui. Mkurugenzi amekutumia salamu kwamba nafasi yangu ya getini ni yako, na lile koti langu la vifungo vya shaba umeshalijaribu mbele ya kioo. Sikukatazi kazi; watoto wako wanataka kula. Ila koti sikurithishi. Likateni leo hii liwe la kupigia deki. Hiyo kazi ukiitaka, kaiombe ukiwa na shati lako mwenyewe, na siku watu watakapokaa tena pale mbele, ukae nao.

Mkurugenzi atakuja kunizika, huyo hakosi misiba ya watumishi wake. Gari litafika mwanzo wa kichochoro chetu, atapiga honi, na ninyi mtakuwa mmejaa njia nzima na viti vyenu. Kaeni. Nasema kaeni. Asinyanyuke mtu, asisogeze mtu kiti. Msimzomee, ni mgeni wa msiba. Ashuke, atembee, ni hatua arobaini mpaka mlangoni kwangu, nimezihesabu. Akifika mpeni maji ya kunywa, kisha kitindamimba amwambie yale waliyotaka kumwambia siku ile. Nataka yasemwe nikiwa nimelala hapo kati.

Basi... nimeishiwa. Mungu awape chakula na usingizi, awape watoto wasioshtuka wakisikia honi. Msitupane. Mama yenu msimwache peke yake.

Kitindamimba, njoo huku, upande wa kulia. Si lazima uniambie kitu. Shika mkono huu tu... Nikisinzia huwa unanyanyuka wenyewe, mama yako ameuona, unasukuma hewa. Ukinyanyuka... ushushe. Ushushe polepole, mwanangu... uniambie tu... tumekaa.