Shubiri Nzima kwa Mwaka Mmoja

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi. Miguu mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Mimi ndiye mwenye jiko na birika la kahawa, wao ndio wenye maneno. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye wateja humkimbia akianza kusimulia. Kuna Mzee Stoo, aliyetunza stoo ya kiwanda miaka thelathini na mpaka leo huhesabu hata vikombe ninavyoosha. Na kuna Profesa, fundi redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Siku hiyo zilibaki siku tano Krismasi ifike, nami nilikuwa nimekaa na uzi mapajani. Hapo ndipo nilipokosea. Ningeuacha ndani, kinywa changu kingepumzika.

— Bibi, umeanza kushona? akauliza Kinyozi.

— Nishone na macho haya? Huyu ni mjukuu wangu.

Wakacheka. Nikawaeleza, maana wasipoelezwa hujitungia. Mwanangu anaoka mikate mji mwingine, mkewe ni muuguzi. Krismasi kila mtu anataka mkate, na wagonjwa hawaendi likizo, basi huu mwaka wa tatu hawaji. Walipokuwa wanakuja, asubuhi ya Krismasi, kabla mtoto hajavaa nguo mpya wala kuonja kitu, nilimsimamisha kwenye mwimo wa mlango wangu, nikamlazia mwiko kichwani, nikapiga mstari kwa mkaa. Yeye mbio kugeuka: "Bibi, nimekupita?" Namwambia bado, sogea huko. Tangu waache kuja, mkwe wangu humpima kwa uzi, akaukata, akanitumia kwa watu wa basi. Safari hii katia na kikaratasi; nikampa Kinyozi, akanisomea: "Mama, piga mstari Krismasi saa moja asubuhi. Na sisi saa hiyo tutakuwa tumesimama pamoja nawe."

— Sasa tatizo liko wapi? akauliza Mzee Stoo.

— Nimeujaribu mlangoni leo. Umepita mstari wa mwaka jana kwa shubiri nzima.

Hapo benchi likaamka.

— Shubiri haiingii kwenye mwaka mmoja, akasema Mzee Stoo. Mimi nimepokea mizigo miaka thelathini, kipimo cha uongo nakijua kwa harufu. Huyo kapimwa na viatu.

— Viatu gani vya shubiri, Mzee? Kinyozi akadakia. Hizo ni nywele. Mama yake kamfunga nywele juu kama mnara. Mleteni hapa nimnyoe, mtaona anavyorudi chini.

— Kichwa cha mjukuu wangu hukigusi. Mama wa yule uliyemwachia ngazi kichwani bado anakutafuta.

Profesa alikuwa anangoja zamu yake, kikombe hewani.

— Nyinyi hamna sayansi. Uzi umesafiri juu ya injini ya basi. Joto hurefusha vitu, waya wa redio nao hufanya hivyo. Kwa hiyo mtoto ni yuleyule. Aliyekua ni uzi.

— Kama joto linarefusha, nikamwambia, wewe miaka tisa mbele ya jiko langu mbona umebaki hivyo?

Wakacheka mpaka tofali likateleza, Mzee Stoo akainama kulirudisha. Mwingine angenyamaza. Profesa hakunyamaza.

— Au basi si yeye. Mkwe wako ana wodi nzima ya watoto, kapima aliyekuwa karibu.

— Profesa! Kinyozi akamkemea.

— Nasema tu. Kwani nani kamwona?

Picha ninazo kwenye simu, lakini picha haina urefu. Kwenye picha hata Profesa ni mtu mrefu. Na sauti ninayo, ila siku hizi mtoto ananiita "Bibi" polepole, kama anayemwamkia mtu aliyeonyeshwa kwa kidole.

— Waje wao, akasema Mzee Stoo. Mtoto ndiye humwendea bibi yake.

— Kabisa, akasema Kinyozi, akisogeza kikombe. Bibi akiondoka, sisi tutakunywa nini?

Na mimi nikaitikia, maana maneno hayo ni yangu. Mimi sifungi fuko kufuata watoto. Nimeyasema miaka mitatu, mpaka jiko linayajua.

Pembeni, upande wa tofali, alikuwa amekaa binti mmoja, mtoto mchanga mgongoni. Amehamia mtaani juzi, alikuja kufuata redio yake kwa Profesa. Muda wote alikuwa anatikisa goti.

— Shikamoo, Bibi. Samahani, mimi mgeni. Kwani kwao hakuna mlango?

— Mlango gani? nikamuuliza.

— Wa kumsimamishia mtoto. Ukienda na mwiko wako.

Profesa akateremsha kikombe. Mzee Stoo akanitazama, Kinyozi akanitazama, wote wananingoja mimi. Na mimi sikujua. Sikujua kama mlango wao ni wa mbao au wa bati, kama unafungukia ndani au nje, kama mwimo wake unashika mkaa. Mwanangu ameniita kila mwaka. Sijawahi kufika.

— Ongeza kahawa basi, Bibi, akasema Kinyozi, kwa sauti ya chini.

— Imekwisha.

— Birika hilo si linachemka?

— Nimesema imekwisha.

Nikachagua kwenye gunia kipande cha mkaa kigumu, kisichoguswa na moto. Nikakipuliza vumbi, nikakifunga kwenye pindo la khanga pamoja na uzi.

— Sasa Bibi, kesho je? akauliza Kinyozi.

— Kesho mnywe maji.