Mzee Onesmus Nzuki Kimwele na Simu ya Tarehe Kumi na Tano Juni

Ndugu na jamaa, majirani wa Pipeline, nanyi mliotoka Eastleigh asubuhi hii kumsindikiza: maisha mnayosomewa hapa yameandikwa na binti yake, Mwende, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Aliomba lisifichwe jambo, hata lile ambalo wengi wenu mlilisikia redioni na kulijadili vibarazani. Tuvumiliane.

Marehemu Mzee Onesmus Nzuki Kimwele alizaliwa tarehe 11 Novemba 1957 mtaani Shauri Moyo, mtoto wa pili wa marehemu Kimwele Mbithi, fundi wa reli, na marehemu Kalunde. Mwaka wa 1964 familia ilihamia Eastleigh Section Three, kwenye ua mmoja na Mzee Jama, Msomali mwuza vitambaa, na mkewe Ambaro. Miaka miwili baadaye Kalunde alilazwa kwa kifua kikuu, akakaa hospitalini miezi minane. Ambaro aliwachukua watoto wote wa Kalunde wakawa wanakula sinia moja na wa kwake. Kalunde aliporudi nyumbani alimkuta Nzuki akiweweseka usingizini kwa Kisomali. Alicheka hadi kikohozi kikamrudia.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Eastleigh, akamaliza mwaka wa 1972, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka wa 1976. Alitamani ualimu lakini karo haikupatikana. Akafanya ukarani Garissa kwa miaka saba, na mwaka wa 1984 akaajiriwa kuwa mkalimani mahakamani, hapa Nairobi. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mitatu.

Waliofanya kazi naye wanakikumbuka kisa kimoja. Mshtakiwa alisimama kizimbani akabwata kwa Kisomali, mate yakimruka. Hakimu akauliza, "Mkalimani, amesema nini?"

Mzee akajikohoza. "Mheshimiwa, amekutukana. Ni matusi manane. Nikutajie yote, ama nikupe jumla?"

Hakimu alitaka yote, naye akampa yote, taratibu, kwa sauti ile ile ya kusomea tarehe za kesi. Alikuwa akituambia nyumbani kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi, na kwamba siku atakapoanza kuchagua maneno ya kupeleka, basi yeye amegeuka hakimu.

Tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa kanisani na Syombua. Mungu aliwapa watoto wawili: Mwende, aliyezaliwa 1989, na Mumo, wa 1993. Mwaka wa 2014 Mwende aliolewa na Kweyu, dereva kutoka Busia. Siku Kweyu alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, maamkizi aliyokuwa amefundishwa njia nzima yalimtoka kichwani. Akanyoosha mkono akasema kwa Sheng ya vijana, "Niaje, mzae." Mzee akamtazama kutoka juu hadi chini, akajibu, "Poa sana, kijana. Keti." Tangu siku hiyo wakawa marafiki kuliko baba na mkwe. Mtoto wa Kweyu na Mwende, Nasambu, alizaliwa mwaka wa 2015, na ndiye aliyekuwa akimkata babu yake kucha.

Mzee alistaafu mwaka wa 2017. Alihamia Pipeline, ghorofa ya tano, jengo moja na Mwende.

Sasa tunafika pagumu.

Jumanne tarehe 5 Aprili 2022, Kweyu alikuwa akiendesha gari la shirika moja la tiba katika kaunti ya mpakani ambayo, kwa ushauri wa wakili, hatutaitaja. Alikuwa amembeba mkunga aitwaye Qali wakienda kuchanja watoto. Walitekwa njiani, wakavushwa mpaka.

Watekaji walipopiga simu, shirika lilimtafuta Abdirizak Dirie, mfanyabiashara wa jumla Eastleigh, mwenye jamaa upande wa pili wa mpaka na heshima kote kote. Abdirizak akamwomba Mzee Nzuki awe mkalimani kati ya watekaji na maofisa wa shirika. Syombua alimkataza. Alimwambia, "Mume wangu, huyo ni mtoto wetu. Mtu hajishoni kidonda chake mwenyewe." Lakini Mzee alisema hakuna sauti nyingine atakayoiamini ibebe uhai wa Kweyu. Wiki sita alikwenda kila alasiri ofisini kwa Abdirizak, akiwa amevaa koti lake la mahakamani. Watekaji walizoea sauti mbili tu, ya Abdirizak na yake. Wakakubaliana: mateka wangekabidhiwa kwa wazee wa mpakani Jumamosi tarehe 18 Juni. Mwende alianza kufua nguo za mumewe upya.

Wakati huo nchi ilikuwa katikati ya kampeni. Gavana wa kaunti ile alikuwa akitetea kiti chake, na alikuwa amewaahidi watu hadharani kwamba atawarudisha mateka. Kama wangerudi kabla ya kura, sifa zingekuwa zake.

Jumatano tarehe 15 Juni, Abdirizak akiwa safarini Garissa, mtu mmoja alibisha hodi nyumbani kwa Mzee. Alijitambulisha kuwa mshauri wa kampeni ya mpinzani wa gavana. Alikuwa na adabu. Alikunywa chai. Akasema makabidhiano ya Jumamosi ni mtego: askari watajificha, risasi zitafyatuliwa, na wa kwanza kuanguka watakuwa mateka. Alitaka kuongea na watekaji. Hakujua Kisomali.

"Baada ya kura watatoka wote wawili, salama salimini," alisema. "Mzee, ni wiki nane tu. Ukilipeleka nje jambo hili, watahamishwa, na hutawasikia tena. Mkwe wako yuko mikononi mwako."

Mzee hakujua kama habari ya mtego ni ya kweli. Hakuijua mpaka anaingia kaburini. Alichojua ni kwamba Kweyu angeweza kuwa wa kwanza kuanguka. Akawapigia watekaji kwa simu yake mwenyewe.

Yule mtu alisema kwa Kiswahili: waambie wawashike mpaka baada ya uchaguzi, na serikali mpya ya kaunti haitawasahau. Mzee akalitafsiri neno kwa neno. Kisha mkubwa wa watekaji akauliza jambo ambalo mgeni yule, aliyekaa pale na kikombe mkononi, hangeweza kulielewa.

"Mzee, hayo ni ya huyo mtu. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Angeweza kusema, msimsikilize, waleteni Jumamosi. Angeweza kusema lolote.

Alijibu, "Mimi ni mkalimani tu."

Jumamosi ikafika. Wazee wa mpakani walikaa juani tangu asubuhi hadi magharibi. Hakuna aliyekuja.

Wiki zilizofuata Mwende alipanda ngazi kila jioni, amemshika Nasambu mkono, akauliza, "Baba, wamesemaje leo?" Naye alijibu, "Wanasema tungoje." Hilo halikuwa uongo, na ndilo lililomla. Aliacha kula mezani. Syombua alimkuta bafuni, bomba likifoka maji, akilia kimya na taulo mdomoni. Alimwuliza kuna nini, akasema ni macho. Mara mbili alikwenda mpaka mlangoni kwa Abdirizak amweleze, na mara mbili alirudi. Alihofia kwamba neno moja litamwua Kweyu. Alihesabu siku za kura kama mgonjwa anavyohesabu saa za dawa.

Mpinzani alishinda. Akaapishwa tarehe 25 Agosti. Siku nane baadaye, Ijumaa tarehe 2 Septemba, ndege ndogo ilitua, gavana mpya akasimama mbele ya kamera akamshika mkono Qali. Mwende alikuwa pale na Nasambu, wamevaa sare. Walingoja mlango wa ndege utoe mtu wa pili. Ulifungwa.

Kweyu alikuwa amefariki tarehe 21 Julai, baada ya homa ya siku kumi na moja na macho ya manjano. Alizikwa huko huko. Kama wangekabidhiwa tarehe iliyoafikiwa, homa ile ingemkuta nyumbani, hatua chache kutoka zahanati.

Qali alikuja Pipeline wiki mbili baada ya kurudi, amekonda, amejifunika shuka kubwa. Aliketi akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kabla hajafungua kinywa, Mzee alisimama.

"Mwanangu, ngoja. Mimi ndiye wa kusema." Akamgeukia Mwende, akaeleza yote, kuanzia hodi ya yule mtu hadi neno lake la mwisho kwenye simu. Hakujitetea.

Qali alikuwa akilia. "Najua, Mzee," alisema. "Simu zenu zote walitusikilizisha, watuonyeshe hawatudanganyi. Kweyu alikuwa akiisikia sauti yako anatulia. Alikuwa anasema, mzae yuko kazini, tutatoka. Siku ile mimi nilielewa kila kitu. Yeye aliniuliza, baba amesema nini?"

"Ukamwambia nini?" Mwende aliuliza.

"Nikamwambia, amesema tuvumilie kidogo, anakuja kutuchukua."

Mwende hakupiga kelele. Alimchukua mtoto wake, akashuka ngazi, na asubuhi akahama jengo lile. Miezi kumi na minne hakumsemesha baba yake.

Katika miezi hiyo Mzee alifanya alichobaki nacho. Machi 2023 alisimama mbele ya kamati iliyoundwa kuyachunguza madai yake, baada ya kuyatoa hadharani. Aliapa. Alitaja siku, saa, rangi ya shati la yule mtu. Yule mtu naye aliapa kwamba hajawahi kufika Pipeline maishani mwake. Simu ya Mzee ilichukuliwa ikaguliwe. Haikurudishwa, wala kilichoonekana humo hakikutajwa. Mjumbe mmoja alimwuliza, "Mzee, kama haya ni ya kweli, kwa nini ulinyamaza?" Alijibu, "Kwa sababu nilikuwa mwoga, bwana." Watu walicheka ukumbini. Ripoti ilisema madai hayakuthibitishwa. Mtaani wapo waliosema alilipwa. Hakulipwa. Wapo waliomwita msaliti, na hao hakuwabishia hata siku moja.

Qali peke yake ndiye aliyesimama naye mbele ya kamati. Alisema aliyoyasikia, akaambiwa kwamba mateka huchanganyikiwa.

Mzee hakuacha. Aliandika barua kumi na saba, kwa mkono, kila moja ikiuliza mambo mawili: nani alimtuma yule mtu, na Kweyu amezikwa wapi. Alijibiwa mara moja, kwamba barua imepokelewa.

Shinikizo la damu lilimharibu figo. Kuanzia Novemba 2023 alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Siku ya tatu ya kwenda hospitalini Syombua aliugua mgongo, hakukuwa na wa kumshika mkono ngazini. Mumo alikuwa kazini Mombasa. Mwende alisikia, akaja. Walishuka ghorofa tano bila neno. Chini kabisa Mzee aliishiwa pumzi akakaa kwenye ngazi.

"Umekuja kwa sababu umenisamehe?" aliuliza.

"Hapana," Mwende alijibu. "Nimekuja kwa sababu huwezi kutembea."

"Hiyo inatosha. Nishike."

Tangu siku hiyo alimpeleka yeye, kila Jumanne na kila Ijumaa, mwaka mzima na zaidi. Hapo kando ya mashine, kwa muda wa saa nne kila mara, walizungumza yale ambayo hawakuwahi kuyazungumza. Alimwuliza kila swali, wakati mwingine kwa hasira mpaka wauguzi wakageuka. Yeye alijibu kila mara, hata swali lile lile kwa mara ya ishirini. Hakumwomba msamaha kwa njia ya kumlazimisha autoe. Januari mwaka huu alimwambia, "Nikifa, waandikie ukweli. Msinivishe kanzu ya mtakatifu, itanibana."

Jumapili tarehe 16 Februari 2025 alishindwa kupumua. Alifariki Jumatatu tarehe 17, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Syombua akiwa ameshika miguu yake na Mwende kichwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Mzee Nzuki ameacha mjane wake, Syombua. Watoto wake, Mwende na Mumo. Na mjukuu wake Nasambu, wa miaka tisa. Qali, aliye nasi hapa, ameomba atajwe miongoni mwa watoto wake, na familia imekubali. Kwa mkwewe Kweyu, aliyemtangulia, hatuna kaburi la kuliwekea ua.

Nasambu ameuliza asubuhi ya leo kama babu anapozikwa, na baba naye atazikwa. Kama yupo kati yenu anayejua baba yake alipolazwa, au anayemjua anayejua, familia inakaa Pipeline, na mlango haufungwi.

Mungu amlaze mahali pa amani, kwa kuwa amani yake hapa iliisha siku ile ya Juni. Nasi aliotuachia swali, atupe nguvu tuendelee kuliuliza.