Debra Hayupo

Basi la Kangemi lilikuwa nusu tupu, kwa hivyo nilisikia kila kitu, na sioni haya. Mwalimu wa gredi ya kwanza, rejista mapajani, alikuwa akimlalamikia mama asiyemjua aliyeketi kando yake.

"Tangu shule zifunguliwe, wiki mbili, naita Debra, Debra, kimya. Namwandika hayupo. Jana nampigia mamake, ananiambia humleta kila asubuhi mpaka getini. Kumbe ameketi mbele yangu! Nyumbani wanamwita Shosho, yaani nyanya, basi Debra halijui."

"Si amepewa jina la nyanyake?" mama akasema. "Hata wangu tunamwita hivyo."

"Basi mumfundishe jina lake kabla ya kumleta shule!"

"Na wewe ungehesabu vichwa, mwalimu."

Nikageukia dirisha, maana hata mimi nilikuwa karibu kumwuliza kwa nini hakuhesabu.

"Nina watoto sabini na wawili, mama."

"Na hao sabini na wawili, wanajua wewe unaitwa nani?"

Mwalimu akafungua rejista, akaanza kupitisha kidole kwenye majina. Tulipita Westlands nzima hivyo. Basi liliposimama Kangemi, aliinuka, akaikumbatia rejista yake.

"Wananiita Ticha," alisema, akashuka.