Sentimita Nane za Fundi Kata Tuone

Waombolezaji wenzetu, wasifu huu umeandikwa na dada mdogo wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Yeye si mtu wa kuuma maneno, kwa hiyo aanze na lile linalonong'onwa tangu juzi huko viti vya nyuma. Ni kweli, marehemu anazikwa akiwa amepungukiwa sentimita nane za mfupa wa muundi, mguu wa kushoto. Yeye mwenyewe alitaka iwe hivyo. Dada yake hakutaka kabisa, na leo anaeleza ilikuwaje akakubali.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Agosti 1957, wa tatu kati ya watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya reli. Baba alipaka grisi magurudumu ya mabehewa, mama alishona sare za shule. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyo alizaliwa kimya, akaangaza macho chumba kizima kama mkaguzi, ndipo akalia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1972. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa mwisho. Alipokuwa darasa la tano alichapwa kwa kuifungua saa ya mwalimu mkuu, na alipoulizwa sababu alijibu, "Nilitaka nione kinacholia." Mwaka 1974 aliingia chuo cha ufundi, akahitimu kazi ya kuchomelea mwishoni mwa 1975.

Februari 1976 aliajiriwa katika karakana ileile ya baba yake, akafanya kazi huko miaka kumi na minane, kisha akafungua ya kwake. Jina la Kata Tuone alilipata katika kazi hiyo. Kiungo kilichochomelewa kinaweza kung'aa juu na ndani kikawa kitupu, na hakuna jicho litakalojua. Wengine husema kizuri chajiuza. Yeye alisema kizuri kikatwe kwanza. Fundi yeyote akijisifu, marehemu alimkabidhi msumeno: "Kimekaa vizuri hicho. Haya, kata tuone." Na vya kwake alivikata vilevile, mbele ya watu.

Hata mke alimpata kwa msumeno. Mwaka 1982 mama huyu, ambaye leo ni mjane, alimletea nyumbani, alikofanya vibarua vya jioni, geti lililolegea bawaba. Badala ya kulitengeneza, marehemu alilikata palipoonekana pazima, eti amwonyeshe jinsi fundi wa kwanza alivyomdanganya. Aliambiwa maneno ambayo hayachapiki kwenye ratiba ya mazishi. Mama huyo alirudi siku nne mfululizo kuligombea geti lake. Siku ya tano likawa tayari, akalichukua, na siku ya sita akarudi tena. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 6 Mei 2011 boriti ya chuma iliponyoka kwenye mnyororo, ikampondaponda muundi. Mfupa uliingia usaha. Madaktari waliondoa kipande kilichooza, likabaki pengo la sentimita sita. Akapewa njia mbili: mguu ukatwe, au aingie katika majaribio yaliyokuwa yakianza hospitali ya chuo kikuu. Daktari wa mifupa alimweleza kwamba watavuta uboho kwenye nyonga yake na kuchagua humo seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za mfupa. Watazikuza maabara kwa wiki tatu, kisha watazipanda kwenye kiunzi chenye matundu kama sifongo na kukiweka penye pengo. Seli zikijenga mfupa, kiunzi kitayeyuka polepole.

"Yaani nyie mnaweka fremu, mafundi wanakuja wenyewe?" marehemu aliuliza.

"Mafundi ni wako mwenyewe, mzee. Sisi tunawaongeza idadi tu."

"Na kazi ikiisha, nani anakagua?"

"Tutapiga picha."

"Picha inaona umbo, daktari. Mimi nauliza ndani."

Daktari alicheka, lakini hakubisha.

Alipasuliwa Septemba 2011, na Oktoba mwaka uliofuata akayaweka magongo chini. Kila mwaka picha zilionyesha mfupa mweupe mzuri, naye kila mwaka alizitazama akiguna. Mwaka 2016 alisaini ahadi: akifa, kipande kile kitolewe pamoja na sentimita moja ya mfupa wa zamani kila upande, ionekane kama ni mfupa hai hadi katikati au ni ganda tu. Wagonjwa wengine thelathini na mmoja walishawekewa kama chake. Alitutangazia mezani huku akimenya chungwa. Dada yake alisimama. "Mama alikuzaa mzima, na utazikwa mzima!" Hawakusemeshana miezi mitano. Ni aibu kulisema leo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Moshi wa kuchomelea ulimharibu mapafu. Alilazwa tarehe 28 Mei 2023. Siku mbili kabla ya kufa alimwambia dada yake, "Wewe ndiye utakayewazuia. Nakujua."

"Nitawazuia."

"Sawa. Ila usiwazuie ukiwa nje ya mlango. Ingia."

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni, saa tisa alasiri.

Fomu ilitaka saini mbili, ya mke na ya ndugu wa damu. Mke alisaini. Kalamu ikakaa mbele ya dada kutwa nzima.

"Wifi," mjane alimwambia, "miaka thelathini na tisa namfulia ovaroli mtu huyu. Jambo hasemi mara mbili. Hili kanirudia mara tatu."

Dada akasaini, kwa sharti kwamba awepo.

Jumatatu walimvika gauni na barakoa, akaingia. Walitoa sentimita nane, wakaweka fimbo ya plastiki mahali pake ili mguu ukae sawa, kisha wakaupasua mfupa kwa urefu. Ulikuwa mgumu na mweupe pembeni, mwekundu wa uboho katikati. Alitafuta mahali mfupa aliozaliwa nao kaka yake ulipoishia na ule uliooteshwa ulipoanzia. Daktari alimpa kioo cha kukuzia. Hakupaona. Alilia humo ndani, na si kwa sababu walimkata. Kaka yake alikuwa mzima miaka yote hiyo, na yeye ndiye aliyechelewa kujua.

Majibu ya darubini yatachukua miezi. Huenda yakafichua kasoro ambazo jicho halikuona, na marehemu angetaka hata hizo zisemwe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, ndugu watano, mafundi kumi na mmoja aliowafundisha kazi, na watu thelathini na mmoja asiowajua wanaotembea wakisubiri majibu yake. Alale kwa amani. Dada yake hana ubishi tena.