Gershom Munga, Aliyewatafutia Wengine Kwao

Katika kiwanda hiki hakuna wa kuniweza kwa kalamu, na hapo nimejishusha, maana ningesema kuanzia Bombolulu ninakolala hadi Port Reitz na bado ningekuwa mkweli. Watu watatu wenye digrii waliombwa wamwandikie Mzee Gershom wasifu wa kumuaga. Wa kwanza alileta nusu ukurasa, wa pili akaleta Kiingereza, wa tatu bado anatafakari. Mie shule niliiacha kidato cha pili. Hatukugombana, tulichokana tu. Bi Swabra, mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, alipokwama ndipo akaniita. Akasema, "Ismail, andika wewe, lakini usijitie mwenyewe ndani." Nikamwambia naam. Mnaona nilivyotii.

Basi tuanze inavyotakiwa. Mzee Gershom Tsofa Munga, mtunza masjala wa kiwanda chetu cha kamba na magunia hapa Changamwe, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kutumika miaka thelathini na saba na miezi minne. Aliajiriwa Julai 1988 akiwa na miaka ishirini na mitatu, nywele kichwa kizima na suruali iliyopanuka miguuni. Simsingizii, picha ipo kwenye faili lake. Amewaona mameneja tisa wakija na kuondoka, na wote tisa walimkuta na kumwacha pale pale, chumba cha chini ubavuni mwa boila, penye joto la Desemba mwaka mzima na taa moja inayowaka ikijisikia.

Masjala yake ina adabu zake. Ukilamba kidole ili ufungue faili, unatoka. Mimi nilitolewa siku yangu ya kwanza kazini, dakika ya nne. Kalamu ya wino huingii nayo, ni penseli tu, tena penseli anayoichonga yeye kwa wembe. Chai hainywewi karibu na mafaili. Kuna kistuli kando ya mlango, na hata Bi Swabra akitaka chai hukalia hicho hicho. Kompyuta ilipoletwa, Mzee alikishika kile kipanya kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mende kwenye sukari. Nikamfundisha mimi. Kama leo anajua kukuza picha kwenye kioo, mshukuruni mwalimu.

Lakini kilichowaleta watu langoni kwetu si mafaili, ni kadi. Zamani kila aliyeingia kazini hapa alipigwa picha siku ya kwanza, ameshika kibao cha namba kifuani. Picha ikabandikwa mbele ya kadi, na jina chini yake. Nyuma, karani alijaza kwa mkono: kwao ni wapi, mji wa nani, yaani boma la ukoo gani, mzee wa mji anaitwaje, na mwisho dole gumba. Wengi katika watu wale hawakupigwa picha nyingine hadi wakafa. Kwa hiyo mtu akizika baba yake, akarudi nyumbani akakuta hana hata sura ya kutundika ukutani, husikia kwamba Changamwe kuna mzee mmoja, naye huja. Haikuwa kwenye majukumu yake. Aliifanya saa ya chakula, na ndiyo maana mlikuwa hammwoni kantini.

Namna ya kuifanya ilikuwa yake peke yake. Mgeni anakalishwa kwenye kistuli, anapewa chai ya tangawizi na mahamri mawili, kwa sababu Mzee alishikilia kwamba mtu haonyeshwi marehemu wake na njaa tumboni. Kisha anaitoa kadi, na haonyeshi sura. Anaigeuza. Anasoma nyuma kwanza, taratibu, kwa sauti: kwao, mji, mzee wa mji. Mpaka mgeni aitikie kwa kichwa, ndipo anaigeuza mbele. Nilimuuliza kwa nini anawachelewesha watu.

Akaniambia, "Wewe ukienda kuposa, wataanza kukuuliza sura?"

Nikamwambia mimi sura yangu haina haja ya kuulizwa. Akanitazama, akarudi kwa penseli yake.

Mwaka juzi alikuja dada mmoja wa Likoni, Mwanasaumu, ameandamana na mamake anayetembelea mkongojo. Baba wa yule mama alikuwa msokotaji kamba hapa mwaka 1958. Sasa watoto wa ukoo walikuwa wamewaambia mbele ya wazee kwamba kwenye lile shamba la Mtongwe wao ni wapitaji, mtu wao aliokotwa tu akalelewa. Mzee akasoma nyuma ya kadi. Yule mama akaweka kikombe chini.

"Soma hapo tena, mwanangu."

Mzee Gershom na mvi zake akaitikia kuitwa mwanangu, akasoma tena: mzee wa mji, Mwidani, ndugu wa baba, tumbo moja.

"Basi sisi ni wa pale," akasema yule mama. Sura alikumbuka kuitazama baadaye kabisa, chai ishapoa. Jumamosi yake Mzee akavuka nao kwa feri, kadi ndani ya bahasha na bahasha ndani ya shati, wakaenda hadi kwenye nyumba ya zamani ya Mwidani. Umebaki msingi na kizingiti. Yule mama akakalia kizingiti, na wale wazee wakaja kumsikiliza hapo hapo. Nimehesabu kwenye daftari la wageni: watu mia nne na kumi na wawili waliingia masjala wakiulizia kwao, na wengi walitoka wakijua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi humu hamlijui. Mlipokuwa mkimuuliza, "Mzee, ukistaafu unarudi nyumbani wapi?" alikuwa akijibu, "Bara kidogo," nanyi mkicheka mkipita. Hana pa kurudi. Baba yake, Munga, alikuwa kibarua hapa hapa kiwandani, akafa mwaka 1974, Gershom akiwa na miaka tisa. Alikuwa amekosana na watu wake kabla hajaoa, na hakuwahi kumpeleka mtoto kwao wala kupataja. Mama alijua mawili tu: kwamba ni upande wa Kaloleni, na kwamba babu aliitwa Tsofa, kwa kuwa kifungua mimba wa kiume alipewa jina hilo na kwao jina la kwanza ni la babu. Watu walioitwa Tsofa upande ule ungeweza kujaza nao uwanja. Picha ya Munga hawakuwa nayo. Alizikwa makaburi ya umma, na kibao chake kilioza.

Mzee amepanga vyumba viwili Magongo, yeye na mkewe, Bi Eddah, na mabinti wameolewa. Aliwahi kuniambia, huku akichonga penseli, kwamba kufa hakumtishi, linalomtisha ni siku ya kuzikwa. Gari likishapakia jeneza pale Magongo, dereva ataambiwa aelekee wapi?

Alikuja kuomba kazi hapa kwa ajili ya kadi ya baba yake. Siku ya kwanza tu wakamwambia kwamba kadi za waajiriwa zipo, ila za vibarua hazionekani, bila shaka zilioza. Akabaki. Akawa anawatafutia watu wengine.

Juni mwaka huu kampuni iliachia stoo yake ya zamani kule Port Reitz, na nyuma ya mashine mbovu zikapatikana kreti arobaini na moja. Kadi za vibarua, elfu saba na mia tatu, kavu kabisa. Siku hiyo nilimwona Mzee akikimbia, mara ya kwanza na ya mwisho. Anakimbia vibaya, magoti yanaamkiana.

Shida ikawa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika macho yote mawili, kadi kumi zilimmalizia asubuhi nzima, na tarehe yake ya upasuaji, aliyoingoja miezi minane, ilikuwa imefika. Wakubwa nao wakaamua: kadi ziskaniwe zote, kisha zichomwe, maana pa kuziweka hapana. Kazi nikapewa mimi. Nani mwingine? Jioni ya kuondoka Mzee alinishika mkono, akaelekeza uso upande ambao mimi sikuwa nimesimama.

"Mbele na nyuma, Ismail. Usikimbie."

"Mzee, lala tu usingizi," nikamwambia. "Ukirudi utamkuta babako ndani ya kompyuta anakusubiri."

Nilimaliza kwa siku kumi na mbili. Bi Swabra akalisoma jina langu kwenye mkutano wa wafanyakazi, mkapiga makofi, wengine wenu mkasimama. Kadi zikaingia boila kwa toroli, safari kumi na tisa.

Mzee alirudi baada ya wiki tano, macho mapya, miwani myeusi, anajiona kama msanii. Akaanza picha ya kwanza, akawa anakwenda moja moja, kwa kuwa majina yalikuwa bado hayajachapwa. Habari za upande wa nyuma wa kadi hakuuliza. Alikuwa ameshaagiza, na kwake yeye jambo ukishalikubali umeshalifanya.

Alhamisi moja ya Septemba, saa nne asubuhi, akaniita kwa sauti ya chini. Kwenye kioo alikuwepo mwanamume wa miaka thelathini hivi. Kati ya vibarua elfu saba na mia tatu waliokodoa macho kama wako mahakamani, huyo peke yake anacheka, meno yote nje, kibao cha namba kimekwenda upande. Chini imeandikwa Munga Tsofa. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, yeye ambaye hutufukuza tukigusa hata bahasha.

"Ndiye," akasema. Kisha akasema, "Geuza."

"Haigeuki, Mzee."

"Hebu igeuze nisome, mwanangu."

Nikamwambia mashine ilikataa upande wa nyuma. Kwamba ilikuwa ikikwama, kwamba fundi aliitwa akashindwa, kwamba muda ulikwisha na boila inasubiri. Nilisema mengi, mimi maneno sijawahi kuyakosa. Akanisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanitoa nje kama siku ile ya kwanza. Akanigusa bega.

"Mashine ni mashine," akasema. "Umenipa sura. Nilikuwa sina."

Akainuka akatengeneza chai, na kikombe cha kwanza akanipa mimi.

Tangu hapo tumepanda Kaloleni Jumamosi tatu, mimi na yeye, tumechapisha ile picha kubwa kama sahani. Tumeingia miji isiyo na hesabu. Akina Munga wa Tsofa tulipewa tisa. Watano makaburi yao yapo, wanne wako hai na wanatuuliza tunauza nini. Mji mmoja, bibi kizee ambaye meno yamemwisha aliishika picha muda mrefu, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Namjua anavyocheka," akasema. "Ila wa mji gani, hapo nimepotewa."

Mzee akamwambia, "Fikiri tu, mama, hatuna haraka." Tukakaa hadi jua likageuka. Hakukumbuka. Tuliporudi juma lililofuata tulikuta maturubai yamefungwa uwanjani na watu wanapika matanga yake.

Ijumaa Mzee Gershom atamkabidhi Bi Swabra ufunguo. Chumba kitawekwa nyuzi. Kadi za waajiriwa zitafuata zile za vibarua, na hakuna aliyetajwa kuchukua nafasi yake, kwa hiyo wakija watu langoni wakiulizia baba zao, walinzi wameshaambiwa cha kusema. Sherehe ni saa saba kantini. Kuna pilau na keki, na zawadi yetu wafanyakazi ni picha ya Munga imekuzwa na kutiwa fremu ya mvule. Nimepewa mimi niibebe.

Mzee, kwa niaba ya wote walioandika majina kwenye kadi yako ya kuagwa, na hata wale wa zamu waliosahau, asante. Asante kwa kila faili lililopatikana siku lilipotakiwa, na kwa wale mia nne na kumi na wawili. Uwe na afya wewe na Bi Eddah, macho yako yakutunze, na penseli zako usituachie, hakuna anayejua kuzichonga. Inshallah siku zilizobaki ziwe za raha.

Bi Swabra alisema niishie hapo.

Mashine ilikuwa nzima, Mzee. Kuskani pande mbili kungechukua siku ishirini na nne, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba namaliza kwa kumi na mbili. Kadi ya baba yako naikumbuka kuliko zote, kwa sababu ya kile kicheko. Nilicheka na mimi. Nikaigeuza, nione kama nyuma wameandika alikuwa akicheka nini. Palikuwa na mistari minne ya wino wa buluu, mwandiko wa kusomeka kabisa. Sikuusoma. Niliitupa kwenye toroli, nikachukua nyingine.