Ndege wa Ukili Hajaja

Benchi letu liko nyuma ya kibanda cha Gundi, fundi viatu, linatazama bwawa la matete. Kahawa naleta mimi, kwa hiyo hakuna wa kunifukuza. Asubuhi ile Ukili, msusi wa mikeka, alifika amefura, mundu bado umefungwa guniani. Kuna ndege mdogo wa kahawia anayefunga kiota juu ya maji, katikati ya mabua matatu ya matete. Ukili hakati tete hata moja mpaka makinda waruke, ndivyo alivyofundishwa na shangazi yake. Mwaka huu ndege hasikiki, na wateja wanataka mikeka yao.

UKILI: Mwezi wa pili huu namsubiri ndege. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu.

GUNDI: Si ukate tu?

UKILI: Na kama yumo humo kimya, anaatamia? Mayai yakizama, shangazi utamjibu wewe?

GUNDI: Basi ni hii minara ya simu. Inampasua kichwa.

TIPA (dereva wa lori la kifusi): Minara gani, bwana. Matajiri wamemrekodi, sauti wameitia kwenye simu zao. Mwenyewe ana kazi gani tena? Wamemwachisha.

GUNDI: Bila hata barua?

TIPA: Kwani wewe kiwandani ulipewa barua?

Gundi akagonga msumari kwa hasira, ukapinda.

UKILI: Kiumbe kama kidole gumba, hana wa kumtetea. Nasema hivi: nikimjua aliyemfukuza, kahawa hanywi na mimi tena.

TIPA: Wala na mimi.

Mama mmoja aliyeleta kiatu kushonwa, mgeni kwetu, alikuwa ameketi pembeni. Akakanyagakanyaga chini.

– Samahanini, kaka zangu. Mwaka juzi nilipita hapa, matete yalifika mpaka barabarani. Nani aliyepafukia?

Kifusi alimwaga Tipa, lori tatu. Aliyemwomba ni Gundi, wateja wake wasilowe. Koleo nilishika mimi. Na Ukili ndiye aliyeleta benchi, akalisukuma mpaka ukingoni kabisa, akasema hapa patamu, ndege tutamsikia vizuri.

Ukili akaweka kikombe chini, bado kimejaa. Tipa naye akaweka chake. Nikabaki nimeshika birika.